Rangi za Kinyonga Jike

Juzi niliona kinyonga mwenye pembe kwenye ua wa jirani hapa Kapsoya, nikakumbuka alasiri ile Baba aliponichukua twende Kesses kumbembeleza Mama arudi nyumbani. Baba alikuwa amevaa koti lake la harusi, likinuka dawa ya nondo. Wao wakiongea ndani, mimi nilikuwa nje nikitazama kinyonga dume akimtikisia jike pembe yake. Jike akageuka mweusi mwenye madoa ya manjano, akayumbayumba. Nikadhani amejipamba kwa ajili yake.

Mama alitoka amevaa rinda jipya. "Haya, Baba Chebet, mfike salama," alisema.

Njiani nikamwambia Baba, "Atakuja. Si umeona amejipamba?"

Siku hizi najua jike akivaa rangi zile amekataa. Baba alilitundika koti mlangoni, likae tayari, mpaka nondo wakalimaliza.