Jani la Isale Lililofifia Upande Mmoja

Siku ya kwanza kazini sikugusa muhuri hata mmoja. Nilipewa beseni, kipande cha sabuni ya mche na rundo la matambaa yaliyoganda wino, nikaoneshwa bomba lililokuwa nyuma ya jengo. Karakana yetu ilikuwa Sakina, Arusha, kando ya barabara ya Nairobi, katikati ya gereji na duka la vipuri, na maji ya bomba lile yalikuwa baridi ya kukata vidole. Jioni Fundi Mkuu alikuja kukagua matambaa yangu kwenye kamba. Alikuwa Mwislamu mwenye asili ya Tanga, aliyezaliwa hapa hapa mjini, mrefu, miwani yake imefungwa kwa uzi.

"Umeosha vizuri, mwanangu," akasema. "Sasa unajua wino unavyonata. Kesho utajifunza kuupunguza."

Nilitaka kumjibu kwamba nimeajiriwa kupamba kadi, si kufua. Lakini nyumbani tulifundishwa kwamba mgeni hakosoi chumvi.

Ninaandika haya kwa ajili ya mabinti wanaoniuliza tulivyofanya kazi kabla watu hawajaanza kutumiana maua ya kwenye simu. Sisi tulitengeneza zawadi na mapambo ya msimu. Krismasi tulitoa kadi, karatasi za kufungia zawadi na nyota za manila za kuning'iniza kwenye mti. Idd tulitoa vifuko vya tende na halua vyenye mwezi na nyota. Pasaka ilikuwa mitende. Katikati ya misimu tuligonga vitambaa vya meza na mifuko ya khaki ya kahawa. Kila ua na kila nyota iligongwa kwa mkono, kwa muhuri wa mbao.

Muhuri ulichongwa kwenye vipande vya mringaringa, mti ambao watu wa mlimani huuchongea mizinga ya nyuki. Ni mlaini kwa patasi, lakini haulegei ukilowa wino. Mchongaji huchora picha kinyume, kushoto kuwe kulia, kisha huchimba kila pasipotakiwa rangi, halafu hupiga msasa. Wino tuliuweka kwenye kipande cha sponji ya godoro kilichofungwa kitambaa ndani ya sahani ya bati. Chini ya karatasi tulitandika blanketi kuukuu, ili muhuri ukae sawasawa. Mgongaji hapigi kwa nguvu, anakandamiza kwa uzito wa bega, anahesabu pumzi moja, anainua wima. Ukiinamisha mkono kidogo tu, picha hukolea upande mmoja na kufifia upande wa pili. Kadi ya namna hiyo tuliiita kasoro, na kasoro haikutoka nje ya karakana.

Sheria nyingine haikuandikwa popote: wanawake wanagonga, wanaume wanachonga. Mimi niliitaka patasi. Niliitaka tangu wiki ya kwanza, nilipomwona Fundi Mkuu akimtoa ndege ndani ya ubao kwa makato machache, na sikuona haya kumwambia. Alinitazama juu ya miwani yake.

"Gonga kwanza. Mkono wako bado unagombana na karatasi."

Nikagonga. Nilipoanza kuwa na mkono mzuri hakunisifu, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Alichofanya ni kuacha kukagua meza yangu.

Baadaye nilihamishiwa duka letu la mjini, chini ya Meneja Mauzo, mama mmoja mwenye sauti ya kwaya ambaye alikuwa hakosei kutofautisha mnunuzi na mtazamaji. "Martha," alinifundisha, "mgeni ananunua picha ya tembo. Mwenyeji ananunua kitu atakachompelekea mama yake." Ilikuwa kweli. Desemba Wachaga wa Arusha walijaa dukani kuchukua karatasi za zawadi kabla ya kwenda kwao Kilimanjaro, nasi tukiwatania kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Nilijifunza mengi pale, lakini patasi zilikuwa Sakina, kwa hiyo niliomba kurudishwa. Meneja Mauzo aliniona mjinga na akaniambia hivyo.

Nilirudi nikakuta Fundi Mkuu ameanza kulalamikia macho. Mkurugenzi wetu, mjane wa Kichaga ambaye sote tulimwita Mama Mkurugenzi, aliniita ofisini. "Wee Martha, mwaka mpya utaingia kwenye kuchonga. Nimeshaongea na mzee." Nilitoka mle nikitembea juu juu.

Ndipo ikaja kazi ya Bwana Mbao. Alikuwa mfanyabiashara wa mbao, jirani yetu pale Sakina, naye ndiye aliyetupa bure vile vipande vya mringaringa vilivyobaki kwenye msumeno wake. Bila yeye tusingekuwa na mihuri. Mwaka ule aliagiza kadi za Krismasi na Mwaka Mpya za kupelekea wateja wake wote, akataka ziwe na jani la huku kwetu. Fundi Mkuu akachonga isale.

Isale mnalijua, lile jani refu linalopandwa kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya migomba ya nyumbani. Kwetu Wameru, na kwa ndugu zetu Wachaga, mtu aliyemkosea mwenzake hukata jani la isale, akalifunga fundo, akampelekea kumwomba msamaha. Anayepelekewa hakatai. Sasa jani lile lilikuwa refu kuliko kadi, kwa hiyo Fundi Mkuu akalipinda, akalipitisha katikati, likatoka na fundo zuri sana. Mama Mkurugenzi aliliona, akalisifu. Bwana Mbao, Mchaga wa kuzaliwa, aliletewa sampuli akasema, "Safi, endeleeni." Mimi Mmeru niligonga mabunda kwa mabunda. Wote tulijua isale ni nini. Hakuna hata mmoja aliyefikiri.

Karani wa Bwana Mbao aliandika bahasha kwa kila mtu aliyewahi kununua mbao kwao. Mmoja wao alikuwa mzee wa Kimeru huko juu mlimani, aliyenunua boriti zamani. Mzee huyo alikuwa msimamizi wa mfereji, na mfereji ndio uliopeleka maji kwenye shamba la nyanya alilonunua Bwana Mbao chini yake. Kabla ya hapo Bwana Mbao alikuwa amemtukana mkutanoni, mbele ya wajukuu zake, akimwita mzee wa pombe asiyejua kugawa maji. Mzee akaufunga mfereji upande ule. Wazee wa pale walimwambia Bwana Mbao apeleke isale. Akaapa kwamba hapeleki, labda afe.

Januari alitujia karakanani kofia mkononi, uso umevimba kwa hasira.

"Nani kawaambia mimi naomba msamaha? Ee? Tangu asubuhi watu wananipa hongera! Mzee anatembea anasema nimemletea isale!"

"Mangi, tulia kwanza," Mama Mkurugenzi akasema, akimpa heshima ya Kichaga.

"Situlii! Mmeniombea msamaha nisioutaka. Aende mtu akamwambie lile ni pambo, alirudishe. La sivyo vipande vyangu vya mbao nitavichoma moto kuliko kuwapa ninyi."

Alipoondoka, Fundi Mkuu alikuwa amekaa, muhuri wa isale mapajani. Mama Mkurugenzi akanigeukia. Mimi ndiye niliyejua Kimeru, na kwetu hakukuwa mbali na kwa yule mzee.

"Utapanda wewe, Martha. Sina mbao nyingine, na bila mbao sina mchongaji. Umenielewa?"

Nilimwelewa sana. Nililopewa kufanya lilikuwa kumnyang'anya mzee isale alilokwisha kulipokea. Kwa desturi yetu hilo ni baya kuliko tusi la kwanza, maana baada yake hakuna tena jani la kupeleka. Nikishindwa, wanawake wenzangu wa meza ile wangekosa kazi, na mimi patasi. Nilipanda mlima nikiwachukia wote wawili, mwenye mbao na mwenye mfereji.

Mzee alikuwa mbele ya nyumba akinoa jembe. Kadi ilikuwa imepigiliwa msumari juu ya mlango, mahali ambapo wengine hutundika kalenda.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe wa kwa nani?"

Nikamtajia ukoo wetu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaagiza niletewe bakuli la loshoro, makande ya maziwa mgando. Sikuweza kusema lolote la maana mpaka nimemaliza. Tuliongea Kimeru, nami nayaandika kwa Kiswahili kama ninavyoyakumbuka.

"Babu, nimetumwa kwa habari ya ile kadi. Natoka kule zinakotengenezwa."

"Umekuja kuniambia ni ya dukani." Alicheka mpaka akakohoa. "Mnadhani huku juu hatuna macho? Isale la kuombea msamaha halina maandishi ya Heri ya Mwaka Mpya chini yake."

"Sasa babu, kama unajua, kwa nini umelipokea?"

"Litungue, ulilete hapa."

Nikalitungua. Akaniambia nitazame ukingo wa kushoto. Nilitazama, nikahisi joto usoni, maana kazi yangu naijua. Wino ulikuwa umekolea kulia, na kushoto jani lilibaki kivuli tu. Ilikuwa kasoro, nayo ilikuwa imepita mbele ya macho ya meza nzima.

"Umeona? Mimi nililitazama hilo nikasema, huyu ameomba nusu. Nusu iliyobaki naongeza mwenyewe. Kwa umri wangu, mjukuu wangu, nikikaa kungoja jani zima nitaondoka na kinyongo."

Akachukua kadi mkononi mwangu, akairudisha kwenye msumari wake. Sikuiomba tena.

Bwana Mbao alinisubiri karakanani, Mama Mkurugenzi pembeni yake. Nilimwambia kwamba kadi sijarudi nayo. Kabla hajafungua kinywa nikamwambia mengine yote: kwamba mzee anajua ni ya dukani, anajua yeye hakuomba chochote, na kwamba amemsamehe hivyo hivyo. Nikamweleza habari ya upande uliofifia.

"Nusu?" akauliza.

"Ndivyo alivyosema."

"Na nusu nyingine ameweka yeye?"

"Ndiyo, bwana."

Alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena, akatoka. Kesho yake hakuonekana dukani kwake. Keshokutwa mkokoteni wa vipande vya mringaringa uliingia kwetu, umejaa kuliko kawaida, na hakuna aliyeuliza kitu. Fundi Mkuu alinipa patasi yake nyembamba, ile aliyokuwa hamwazimi mtu.

"Bismillahi," akasema. "Chonga utakacho, ila lile jani liache."

Muhuri wa isale tuliutia kwenye jiko la chai.

Nilichonga hapo Sakina mpaka Fundi Mkuu alipopumzika, nami nikachukua meza yake. Mama Mkurugenzi alipozeeka alinihamishia Moshono kufundisha vikundi vya kina mama na mabinti, na huko ndiko nilikomalizia. Mambo yalibadilika mbele yangu. Kadi zilipungua. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, mifuko ya karatasi yenye mihuri yetu ikapata soko jipya, tukasahau kulia. Wanafunzi wangu sasa wanachonga mpira laini unaokatika kwa kisu kidogo, wala siwakatazi. Siku hizi wanaume wanagonga na wanawake wanachonga, na paa halijaanguka.

Nimestaafu mwaka huu. Kazi niliyoifanya maisha yangu yote ilikuwa ya kutupwa, nalisema bila uchungu. Nyota ya manila huning'inia wiki mbili, karatasi ya zawadi huchanwa kwa haraka na mtoto, na kadi huishia kuwashia moto. Nimewahi kuona mbuzi anatafuna kengele zangu tatu za Krismasi kwenye jalala la Olasiti. Mtu akitaka kukumbukwa akajenge nyumba. Sisi tulilipwa kuifanya siku moja ionekane kwamba imesubiriwa.

Siku ya kuagwa kwangu Bwana Mbao alikuja Moshono kwa fimbo, ameshikwa mkono na binti yake. Mzee wa mfereji alikuwa amekwisha kufa zamani, na nilikuwa nimesikia kwamba Bwana Mbao alimzika vizuri, akatoa mbao za jeneza bila kuombwa. Zaidi ya hapo sikujua kitu, wala sikuwahi kumuuliza. Mabinti walimwomba neno. Alisimama akiegemea fimbo.

"Huyu mwalimu wenu aliwahi kutumwa na mimi kwenda kufanya jambo baya, akakataa. Asubuhi yake nilikata isale nikapanda mwenyewe. Nilimkuta mzee kwenye mfereji. Ndipo nikajua. Maji yalikuwa yanafika shambani kwangu wiki nzima, nami nilidhani serikali ya kijiji imemlazimisha, nikajisifu. Kumbe alifungua mwenyewe, siku ile ile aliyopata kadi." Akageuka upande wangu. "Martha, siku niliyokuja kwenu kupiga kelele kwamba sijaomba msamaha, nyanya zangu zilikuwa zimeshalowa."

Akakaa. Nami nikalia mbele ya wanafunzi wangu wote, bila aibu.