Mababu Waliozuia Barua Pepe

Mwaka wangu wa tatu nikifundisha Garissa, mtoto wangu aliyekuwa Kirinyaga aliniita anko kwenye simu. Mama yake alicheka. Mimi sikucheka. Nikaandika ombi la uhamisho, nikalipiga msasa wee hadi ikafika siku ya mwisho ya kulipokea.

Lilitakiwa litoke kwenye anwani yangu ya shule, na anwani hiyo ilikuwa kwenye kompyuta ya ofisi. Barua ikaenda kukaa miongoni mwa zinazosubiri kutumwa, ikatulia tuli. Nikabonyeza tena. Nikazima modemu, nikaiwasha. Nikatumia data ya simu yangu. Nikabadili nywila, nikapunguza viambatisho, nikatoa hata cheti cha ndoa ambacho ndicho kilikuwa roho ya ombi lenyewe. Kila mara kompyuta iliniomba radhi kwamba imeshindwa kutuma. Upole wake ndio ulionikera zaidi.

Katibu wetu, mama wa Kisomali ambaye kwao ni Hadado kwa wafugaji wa ngamia, na ambaye kila p kinywani mwake hugeuka b, aliinua macho.

"Bole, mwalimu. Kunywa chai kwanza."

"Mwisho ni saa kumi, mama."

"Basi sukuma na dua."

Nilisukuma kwa dua na kwa hasira. Mwishowe nikafanya ambalo wanafunzi wangu huadhibiwa kwa kutolifanya: nikasoma maelezo hadi mwisho. Yalisema jina la mtumaji ni refu kupita kiasi. Jina gani refu, na mimi nina maneno matatu tu? Nikafungua mipangilio.

Hapo nikawakuta. Jina langu, la baba, la babu, kisha msururu wa wanaume nisiowajua, mmoja nyuma ya mwingine, wamekijaza kisanduku hadi ukingoni.

Nikakumbuka. Wiki iliyotangulia, katibu alipokuwa akiweka programu mpya ya barua pepe, aliniuliza jina kamili. Kwao mtoto hufundishwa kutaja baba, babu na baba wa babu mpaka shina la ukoo, kabla hata hajajua kujifunga viatu. Mimi niliishia kwa babu.

"Baba yake?"

"Simjui."

"Subhanallah. Na ukibotea, watakurudisha kwa nani?"

Nilidhani tumemaliza. Kumbe alinionea huruma, akanijazia.

"Mama, hawa wazee ni akina nani?"

"Ni babu zangu," alisema, vidole vikiendelea kupiga chapa. "Wewe ulikuwa umebungukiwa."

Saa kumi ilikuwa inabisha hodi. Nikaanza kuwafuta kutoka mwisho, na mkono ulikuwa mzito, maana si adabu kumfuta babu wa mtu na mwenyewe ameketi hapo. Nilipobaki na wa kwetu watatu, nikarudisha cheti cha ndoa, nikabonyeza. Barua ikachomoka.

"Imeenda?"

"Imeenda. Lakini nimewatoa wote."

Akaacha kupiga chapa. Nikaona aibu.

"Hakuna shida," alisema. "Hao walihama na ngamia maisha yao yote. Hawahitaji transfa."

Uhamisho ulikuja. Siku ya kuaga nilimwomba anitajie tena wale wazee, taratibu, na nikawakariri. Alinisahihisha kwa ukali kuliko mkaguzi yeyote wa shule niliyewahi kukutana naye. Nilipanda basi nikiwa na uchungu ambao sikuutarajia, mimi niliyekuwa nikihesabu siku za kuondoka.

Mwanangu sasa haniiti anko. Akiulizwa yeye ni wa nani, hunitaja mimi, baba yangu na babu yangu, kisha huvuka mto Tana bila kusita hadi kwa wafugaji wa Hadado, mpaka wa mwisho. Mama yangu huniuliza hao wametokea wapi.

Humwambia ni watu wa kwetu.