Wifi Yangu Amekubali Nifungwe Kizazi

Admin, ficha jina langu, ingawa wanaonijua watanijua tu. Nina miaka 31, mzaliwa wa Kondoa, nimeolewa hapa Mkonze. Ni kiziwi tangu utotoni. Nina mtoto mmoja na mimba kubwa. Na nina hasira, msitegemee maneno ya upole.

Hospitali ninayohudhuria kliniki ilikuwa na mkalimani wa lugha ya alama. Sisi viziwi hupeana majina ya alama, yeye tulimpa la kugusa kishimo cha shavuni. Mimba ya kwanza aliingia nami mpaka chumba cha upasuaji. Safari hii nafika, hayupo. Eti fungu lake limekatwa, serikali inabana matumizi. Mashangingi ya wakubwa yamejaa mjini, hayo hayabaniki! Nikaambiwa nije na ndugu anayejua alama, maana kwa foleni ile hakuna wa kukaa kuandikiana na mimi.

Anayejua ni wifi yangu, dada wa mume. Basi daktari anaongea, wifi anajibu, mimi nakodoa macho. Nikimuuliza, ananionyesha, "Mambo ya kawaida tu."

Wiki iliyopita wifi alichelewa. Nesi akaniandikia kwenye simu: "Usiogope, ukishapasuliwa tunakufunga kizazi hapo hapo, kama ulivyokubali."

Nani kakubali? Mimi?! Nikakaa pale pale sakafuni.

Nyumbani wifi hakuona hata haya. "Ukizaa viziwi wenzako nani atawalea? Nimekusaidia." Mwanangu anasikia vizuri tu, jamani! Na hata angekuwa kiziwi, ana mama. Mume wangu naye kaniandikia, "Usimkasirishe dada, nani mwingine atakwenda na wewe?" Mwanaume mzima, miaka yote ya ndoa, alama anazozijua ni kula na kulala.

Nesi nimemwandikia kwamba sikukubali. Kasema nitaulizwa tena siku yenyewe, kupitia ndugu yangu. Ndugu huyo huyo! Rafiki zangu viziwi wangekuja, lakini nao hawamsikii daktari.

Upasuaji ni wiki ijayo. Pale kitandani mkono mmoja unawekewa dripu, mwingine kipimo cha presha, yote miwili inafungwa. Ninyi mkifungwa mikono bado mtapiga kelele. Mimi mikono ndiyo mdomo wangu. Nimwache wifi nje nikose wa kunisemea, au niingie naye anisemee yake? Nishaurini nifanye nini, ila mtu asithubutu kuniambia nivumilie.