Kitanda cha Mama Mkwe

Mke wangu ndiye aliyekigundua. Nilikuwa sebuleni kwetu mjini, mtaa wa Kikuyu, nimepanua picha kwenye simu, nikitafuta namna mabehewa ya zamani ya mizigo yalivyoundwa kwa chini, yale ambayo fremu ya kubebea magurudumu ilikuwa ya mbao na si chuma. Mimi hutengeneza treni ndogo za mbao, za kukaa juu ya meza. Ndiyo starehe yangu nikitoka ofisini. Picha zote zilipigwa kutoka ubavuni, na magurudumu yalificha kila nilichotaka kuona.

Mke wangu akachungulia begani kwangu. "Mbona hiki ni kitanda cha mama?"

Nilidhani ananitania. Akaeleza kwamba reli ya kwao Kongwa ilipong'olewa, babu yake aliokota fremu moja, akaitoa magurudumu, akaifunga kamba za ngozi. Mama yake anailalia mpaka leo.

Jumamosi tukaenda. Njiani ndipo nilipokumbuka tatizo: kitanda kiko chumbani kwa mama mkwe, na mkwe wa kiume haingii chumba hicho hata nyumba ikiungua. Basi nikakaa nje chini ya dirisha, mke wangu akapima ndani.

"Unene?" niliuliza.

"Mnene tu."

"Mnene kiasi gani?"

"Kama mkono wa shangazi."

Mama mkwe alivumilia kelele zile kwa muda, kisha akawaita shemeji zangu. "Mtoleeni mkwe wangu kitanda, akiangalie mpaka aridhike. Mimi nakwenda kuoga."

Wakakitoa wakihema, wakalianika godoro juani. Nikavua shati, nikaingia uvunguni na futi yangu. Sijawahi kuona mbao nzuri namna ile. Mashimo ya boliti yalikuwa palepale, na pale ekseli ya magurudumu ilipokuwa ikikaa pamelainika kama kiganja. Nilisahau kabisa niko kwa watu.

Nikaona miguu ya mwanamke imesimama karibu na kichwa changu. "Hiki si kitanda cha mama?" sauti iliuliza.

"Ndiyo, cha mama," nilijibu nikiwa kulekule. "Napima mbao."

"Lini?"

Nikadhani anauliza tumefika lini. "Asubuhi hii."

Miguu ikaondoka haraka. Sikuwaza lolote hadi niliposikia kilio kikitokea upande wa kisimani, kikajibiwa na kingine upande wa kanisani. Nilipojitoa uvunguni, uwanja ulikuwa umeanza kujaa. Kina mama wamejitwika kuni na unga, wazee wamevua kofia. Mzee mmoja wa kanisa alinishika mkono, akaniambia nijikaze, ila nivae shati.

Nilifungua mdomo kueleza kwamba mbao zile si za jeneza. Lakini unaanzaje kuwaeleza waombolezaji habari za treni ya mezani?

Mama mkwe akatokea nyuma ya nyumba, khanga kifuani, sabuni mkononi. Vilio vikakatika.

"Karibuni," alisema. "Nani amefariki?"

Jirani mmoja, mwenye ile miguu niliyoiona uvunguni, akasema kwa sauti ndogo, "Tumeambiwa ni wewe, dada."

"Nani kawaambia?"

Wote wakanigeukia. Nilitamani kurudi uvunguni.

Mama mkwe hakunigombeza. Aliingia ndani, akavaa, akatoka na kigoda, akaketi katikati ya waombolezaji wake akawatazama mmoja mmoja. Alimsifu mama aliyelia kwa sauti kubwa kuliko wote. Akauliza kwa nini mtu fulani wa ng'ambo ya korongo hajafika, na alipoambiwa kwamba amepata habari lakini anamalizia kupukuchua mahindi, akatikisa kichwa polepole. Kisha akasema unga ukishaletwa haurudishwi. Masufuria yakatengwa, tukala ugali na mlenda mpaka jua likapoa, na wazee wakasimulia mambo mema ya marehemu, mwenyewe akiwasahihisha.

Behewa nililimaliza baada ya wiki kadhaa, na fremu yake ilitoka sawasawa. Mama mkwe alipokuja mjini kutibiwa macho, nilimwekea mezani. Aliligeuza chini juu, akapapasa zile mbao nyembamba kwa kidole.

"Kitanda kizuri," alisema. "Ila juu yake umejenga nyumba ya nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza kwa adabu, kisha akamwomba binti yake chai.