Baiskeli Iliyonukia Mandazi

Mtu akifika kwenye kibanda cha baiskeli cha Mzee Ngatia pale Ruring'u, nje kidogo ya mji wa Nyeri, swali lake ni moja tu: "Fundi yuko wapi?" Na anamuuliza nani? Anamuuliza Wakonyo, binti ya mzee, ambaye wakati huo ana spana mkono mmoja na rimu mkono wa pili, na grisi imempanda mpaka viwikoni. Jamani! Kuna watu wamepewa macho ya kupamba uso tu.

Kwa miaka kumi na mmoja Wakonyo alisikia swali hilo, na wateja aliwasamehe. Kilichomuuma ni jibu la babake. Mzee angeinua kichwa kutoka kwenye stuli yake ya mbao na kusema, "Fundi ni mimi. Huyo ni msaidizi." Msaidizi! Mwanamke aliyeweza kunyoosha gurudumu kwa sikio, akigonga spoki moja moja na kusikiliza ni ipi imelegea. Usiku alikuwa akilikumbuka neno hilo, anageuka upande wa pili na kusonya.

Usidhani mzee hakumpenda. Wakonyo ndiye binti wa pili kwake, na kwa desturi ya Wakikuyu binti wa kwanza huitwa kwa jina la mama yake baba, lakini yule wa kwanza alikufa akiwa mchanga na jina likamrudia huyu. Kwa hivyo tangu akiwa mgongoni mzee alimwita "maitu", yaani mama yangu. Mapenzi yalikuwepo tele. Lakini kwa Ngatia mapenzi ni mapenzi na kazi ni kazi. Msaidizi akikosea hakumfokea wala kumweleza. Alisema maneno mawili tu: "Fungua. Rudia." Wakonyo alikuwa amefungua na kurudia mpaka akachoka kuhesabu.

Sasa, kwenye stoo yao, nyuma ya magunia ya mahindi, ilikuwa imening'inia baiskeli moja kuukuu. Ngatia aliipata Timau ujanani, akifanya kazi kwenye mashamba ya ngano, pale mwenye shamba alipohama na kumwachia. Haikufanana na zile baiskeli nyeusi ambazo kila mtu anazijua. Bomba lake la juu lilikuwa limepinda taratibu, kiti ni kipana chenye springi, na breki yake ilifichwa ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma: ukikanyaga pedali kurudi nyuma, inasimama. Mzee aliitumia kupeleka maziwa kwa miaka zaidi ya ishirini. Kisha pikipiki zikaja, na baiskeli ikaenda kukaa na panya.

Jumamosi vijana wa mjini walikuwa wakipita kibandani na baiskeli zao za milimani, wanajaza upepo halafu wanashuka njia za kahawa hadi mto Chania, wakirudi wametapakaa matope na furaha. Wakonyo aliwaonea wivu, sitaficha. Siku moja akamwambia babake, "Baba, nipe ile ya Timau. Nataka niigeuze iwe ya kushuka kahawani."

Mzee akacheka. "Maitu, hiyo ni baiskeli ya barabara. Ni ya kwenda polepole na maziwa. Unataka kuiua mara ya pili?"

"Nataka kuifufua."

"Chukua basi. Lakini sheria ya hapa unaijua."

Aliijua. Aliyetengeneza ndiye hupanda kwanza, kabla ya mwenye mali. Kama kuna wa kuanguka, aanguke fundi.

Kazi ilimchukua wiki tatu. Aling'oa madigadi, akang'oa taa, akang'oa keria iliyobeba mitungi ya maziwa, na hapo mzee akaichukua keria ile bila neno na kwenda kuipangusa kivulini kama mtoto aliyeanguka. Wakonyo akaweka tairi pana zenye meno. Ya mbele ikagusa foki, ile mikono miwili inayoshika gurudumu, akatafuta foki nyingine pana kwenye vyuma vya mitumba. Usukani akatoa kwa pikipiki iliyokufa, kwa sababu kwenye mawe unataka mikono iliyopanuka. Nyuma akafunga gia yenye meno mengi ili mlima usimtoe roho.

Kilichobaki ni habu. Kwenye mteremko mrefu breki ya namna hiyo hupata moto kama sufuria, na grisi nyepesi huyeyuka na kutoa moshi, na baada ya moshi huna breki, una maombi. Wakonyo akaosha kila kipande kwa mafuta ya taa, akapanga gololi moja moja, akapaka grisi nzito ya magurudumu ya lori aliyoiomba gereji. Grisi hiyo aliiweka kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, yale meupe ya kuganda. Ndivyo mafundi wote wanavyofanya huku, na kwao mikebe haikuisha, maana mamake, Beth, alikaanga mandazi ya kuuza palepale ubavuni mwa kibanda.

Ijumaa akamaliza. Mzee akaizunguka baiskeli mara tatu, akabonyeza tairi, akasema, "Hm." Basi. Hata mbuzi wa sokoni husifiwa kuliko hivyo.

Jumamosi asubuhi Wakonyo alienda mjini kununua tyubu ya akiba. Aliporudi alikuta baiskeli imegeuzwa inatazama barabara, na babake anajipangusa mikono kwa kitambaa. Akadhani ameipangusa vumbi, na moyo wake ukachanua. Wale vijana walikuwa wamefika, sita, na mkubwa wao ni Ken, kijana wa maneno mengi.

"Hiyo kitu itashuka ama itashushwa?" Ken akauliza. "Leo tutajua kama hapa kuko na fundi ama kuko na msaidizi."

Wakonyo akaisukuma baiskeli barabarani. Mzee Ngatia alipanda boda boda akatangulia chini mtoni, ajionee mwenyewe.

Na ilishuka! Ee, ilishuka! Njia ile ni nyembamba, imejaa mizizi na mawe, kahawa kulia, kahawa kushoto. Tairi ziliuma udongo, usukani ukatulia mikononi, na kile kiti cha springi kikamrusha na kumpokea. Wakinamama waliokuwa wakichuma kahawa wakainuka na kupiga vigelegele. Wakonyo alicheka kwa sauti peke yake, mtu wa miaka thelathini na mitatu, na akajisemea, "Hii ni kazi ya mikono yangu." Nyuma yake akamsikia Ken akiita, "Weeh! Punguza!"

Akakanyaga nyuma apunguze. Ikapunguza. Akakanyaga tena, na pedali ikawa laini. Halafu akasikia harufu ya mandazi.

Kwanza alidhani ni njaa. Kisha akaona moshi ukitoka kwenye habu, akakanyaga kwa nguvu zote, na baiskeli ikaendelea na safari zake kama haijaambiwa kitu. Kona ya mwisho aliikata kwa neema ya Mungu. Mbele yake ulikuwa mto, na kabla ya mto, chungu ya maganda ya kahawa kutoka kiwandani. Akachagua maganda. Akazama hadi kiunoni.

Walimtoa. Hakuvunjika kitu, baiskeli haikuvunjika kitu, lakini alinuka vibaya. Ken akainama kwenye habu, akagusa kwa kidole, akanusa, na macho yakamtoka.

"Hii si grisi! Hii ni mafuta ya kupika! Ati mmetia mafuta ya mandazi kwa breki?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Wakonyo akasimama pale, maganda yanamdondoka, na akili yake ikapiga hesabu haraka. Alichopaka yeye ni grisi ya lori. Akamtazama babake. Mfuko wa shati ambamo miwani yake hukaa ulikuwa mtupu, na kwenye kucha za mzee bado kulikuwa na weupe. Akaelewa yote. Wanasema penye wazee hapaharibiki neno. Siku hiyo liliharibika.

Angeweza kusema. Lakini huyo alikuwa babake, mbele ya vijana, baada ya miaka hamsini ya jina zuri. Wakonyo akajipangusa maganda usoni.

"Ni makosa yangu," akasema. "Mikebe inafanana."

Iliuma. Alijua amelizika neno fundi kwa mdomo wake mwenyewe, na hakuna atakayelifukua.

"Sasa huyo ndiye mnamwachia baiskeli za watu?" mmoja akasema, na kicheko kikaanza upya.

"Nyamazeni!"

Mzee Ngatia alikuwa amesimama. Alivua kofia.

"Huyu anawadanganya. Asubuhi akiwa mjini, mimi nilifungua hiyo habu. Niliogopa huu mteremko. Nikafikiria, wacha nimwekee grisi mpya, mtoto wangu asiumie. Nikapangusa yake, nikachota kwa mkebe. Miwani nimeacha nyumbani. Nilichota kwa mkebe wa mama yake." Akamnyooshea Wakonyo kofia. "Fundi alikuwa amemaliza kazi, na alikuwa ameimaliza vizuri. Mwenye ameharibu ni msaidizi."

Waliokuwa wamekaa chini wakainuka. Hata Ken akavua helmeti yake.

"Baba, wacha tu," Wakonyo akasema kwa sauti ndogo.

"Hapana. Msaidizi akikosea huambiwa nini?"

Machozi yalikuwa yamemfika. Akayarudisha. Akamtazama babake machoni, akasema, "Fungua. Rudia."

Mzee akapiga magoti kwenye maganda, akaomba spana.

Boda boda ilitumwa kuleta mkebe wa grisi ya kweli, na Beth aliunusa mara mbili kabla ya kuuachilia. Mzee alifungua, akaosha, akashikilia vipande kimoja kimoja kwenye viganja vyake. Wakonyo akapanga gololi na kupaka. Kila alipomaliza kipande, mzee aliuliza, "Hivyo?" na kungoja ajibiwe. Kisha Wakonyo akaisukuma baiskeli hadi juu kabisa, akageuka.

Safari hii, alipotokeza kwenye kona ya mwisho, alimwona babake amesimama katikati ya njia, mikono nyuma, mto uko mgongoni mwake. Ken alimvuta shati, "Mzee, toka hapo!" Mzee hakutoka. Wakonyo akakanyaga nyuma. Habu ikanguruma, tairi ikalima udongo, na baiskeli ikasimama shubiri moja kutoka kwenye viatu vya mzee. Hakuwa amerudi nyuma hata hatua moja.

Mzee akaivaa tena kofia yake, akashika usukani.

"Fundi ameshapanda," akasema. "Shuka, sasa ni zamu ya msaidizi."