Oveni ya Bati Jembamba

Jirani yangu muoka mikate hununua vitu kwa vifundo vya vidole. Siku ya kuchagua oveni kwa fundi bati, sokoni Iringa, aligonga zote na kusikiliza kila moja kama anunuaye chungu, kisha akaishika ile nyepesi. Nikamwambia, "Shemeji, bati jembamba litakuunguzia chini." Akajibu bila kugeuka, "Bati nene linataka mfuko mnene." Kwa bei ile hata mimi ningeichukua. Tangu hapo hupanga makaa chini na juu ya kifuniko, hupima joto kwa mgongo wa mkono, na mkono ule hauna tena hata kinyweleo kimoja.

Juni hii baridi imekataza unga kuumuka. Juzi alilifunga donge kwa shuka, akalibeba mgongoni kwa mbeleko lipate joto, akawa anafagia uwanja huku akilipigapiga. Nikamtania, "Wa kike au wa kiume?" "Wa Sista," akasema, maana bweni la misheni ndilo mteja wake pekee. Sista Rozalia akatokea mwenyewe na mkate wa jana, akauvunja mbele yetu: chini mkaa, katikati uji. "Mama, wasichana wanaumwa matumbo. Kuanzia kesho watakula viazi."

Alipoondoka nikasema, "Shemeji, lishushe sasa."

"Leo ndiyo limeumuka," akanijibu. "Nalisikia linavyopanda." Akabaki amesimama nalo, ameinama kidogo, lisianguke.