Plamu Zilizochovywa Bila Wimbo

Katibu Hezekia alikosea mara mbili asubuhi ile, na kosa la kwanza lilikuwa kubwa kuliko la pili. Aliingia uani kwa Mwanaisha Shemboko bila shikamoo. Alisimama karibu na banda la kuku, daftari kwapani, akasema, "Habari za asubuhi, Mama Tatu," kana kwamba wamezaliwa mwaka mmoja, ilhali yeye alikuwa bado anatambaa Mwanaisha alipoolewa. Pale Kwemzaza, juu kidogo ya Lushoto, mtu mdogo akikunyima shikamoo amekutukana. Mwanaisha aliendelea kufagia mpaka ufagio ukafika kwenye viatu vya katibu, na katibu akarudi nyuma hatua moja, kisha ya pili.

"Shikamoo," akasema hatimaye.

"Marahaba, mwanangu. Nilidhani sauti imekukauka."

Kosa la pili ndilo lililomleta. Ilikuwa Januari ya mwaka sabini na tano, njaa ya mwaka uliopita ingali midomoni mwa watu, na serikali ya kijiji ilikuwa imeamua kwamba ardhi yote iliyo kando ya mfereji ilimwe mahindi. Wakaguzi wangepita wiki inayofuata. Nyuma ya nyumba ya Mwanaisha, kando ya mfereji huohuo, kulikuwa na miti kumi ya plamu, imeinama kwa matunda. Katibu alifungua daftari akasoma kwamba miti hiyo ikatwe kabla ya mkutano wa Jumamosi.

"Mahindi ni chakula," akasema. "Plamu ni tunda la Wazungu. Ni kasumba, Mama Tatu. Sisi tunajenga Ujamaa."

"Mzungu aliondoka mwaka sitini na moja," Mwanaisha akasema. "Marehemu mume wangu Athumani alipanda miti hii mwaka sitini na mbili. Huyo Mzungu alirudi lini kuja kunipandia?"

"Amri ni amri."

"Nimeisikia. Na mimi sikati."

Hezekia alifunga daftari na kuondoka. Tatu, binti wa Mwanaisha, mama wa watoto wawili tayari, alitoka jikoni akiwa ameshika mdomo kwa woga. Mama yake alimwambia aache kushika mdomo, ashike kuni.

Sasa, ili mtu aelewe kwa nini mwanamke huyu alikuwa tayari kugombana na kijiji kizima kwa ajili ya miti kumi, ni lazima arudi nyuma hadi jikoni kwa Bibi Klara, mke wa setla aliyekuwa na shamba ng'ambo ya bonde. Mwanaisha alipika pale miaka kumi na mmoja. Kila plamu zilipoiva Bibi Klara aliandaa karamu, na kilichowatoa wageni wake Tanga mpaka huku milimani kwenye baridi kilikuwa plamu za chokoleti: tunda zima linashikwa kikonyo, linachovywa kwenye chokoleti ya moto, linaachwa lipoe mpaka lijifanyie gamba. Mchovyaji alikuwa Mwanaisha. Lakini Bibi Klara aliogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni mpishi wake kula. Basi akaweka sheria kwamba Mwanaisha achovye huku akiimba, tena kwa sauti, yeye akisikiliza barazani. Mdomo unaoimba hautafuni. Wimbo ukikatika, kiti cha barazani kilisikika kikisogezwa.

Mwanaisha aliimba. Aliimba kwa Kishambaa, na kwa kuwa Bibi Klara hakujua Kishambaa hata cha kuombea maji, aliimbiwa mambo mazito. Aliimbiwa pua yake, miguu yake na ubahili wake. Aliombewa jino lake la dhahabu lidondokee kwenye supu mbele ya wageni. Bibi Klara alisema mpishi wake ana sauti nzuri. Hata hivyo, kutukana hakushibishi. Katika miaka yote kumi na mmoja Mwanaisha alichovya maelfu ya plamu na hakuonja hata moja.

Uhuru ulipokuja, setla akafunga mizigo. Athumani, mume wa Mwanaisha, alikuwa mtunza bustani pale, na kitu pekee alichoondoka nacho ni miche kumi aliyoiotesha kwa mikono yake, akaibeba kichwani safari mbili kuvuka bonde. Ikachukua miaka minne kuzaa. Wakati huo Salma, dada yake Mwanaisha, alikuwa ameolewa Zirai, ambako mumewe alikuwa na mikakao michache, na kila mwaka alileta kikapu cha mbegu zilizokaushwa. Msimu wa kwanza Mwanaisha aliketi jikoni kwake, akakaanga mbegu, akazitwanga, akasaga, akachovya. Athumani aliyezoea kumsikia akiimba alichungulia mlangoni.

"Mbona kimya, mke wangu?"

"Nakula," akasema.

Tangu siku hiyo plamu zilichovywa kimya katika nyumba ile, kila Januari, hata baada ya Athumani kufariki mwaka sabini na moja. Huo ndio uhuru Mwanaisha aliouona kwa macho. Uhuru mwingine aliusikia kwenye redio.

Alhamisi alikwenda gulioni Lushoto na kabichi zake. Aliporudi alisikia shoka kabla hajaona nyumba. Alitupa kikapu akakimbia, mwanamke wa miaka arobaini na mitano, kanga mkononi. Miti miwili ilikuwa chini. Vijana wanne waliotumwa na katibu walikuwa wanauzunguka wa tatu, na plamu nyekundu zilikuwa zimetapakaa kila mahali, nyingine zimepondwa kwa miguu yao. Mwanaisha alipita katikati yao akaketi chini ya mti, mgongo kwenye shina, miguu ameinyoosha mbele.

"Kateni," akasema.

Vijana walitazamana. Mmoja wao alikuwa mtoto wa shemeji yake.

"Mama mkubwa, tumetumwa tu."

"Najua umetumwa. Kata. Ukimaliza mti unimalizie na mimi, kisha ukamweleze baba yako."

Wakaondoka na shoka zao. Mwanaisha alikaa pale mpaka walipotoweka njiani, ndipo akalia. Alilia kwa hasira na kwa Athumani pamoja, kwa sauti, bila kujali nani anasikia. Kisha akajifuta uso, akamwita Tatu waokote plamu zote nzima za miti ile miwili, kila moja na kikonyo chake.

"Tutazifanyia nini nyingi hivi?" Tatu akauliza.

"Wanasema si chakula. Jumamosi watakula."

Ijumaa jiko lilijaa harufu ya kakao. Mwanaisha alikaanga mbegu za Salma kwenye chungu, wakazimenya, wakazitwanga kwenye kinu mpaka mafuta yakaanza kutoka, halafu akazisaga juu ya jiwe lililowekwa karibu na moto ili lisipoe. Sukari ilikuwa ya mgawo, ya mwezi mzima, na aliitwanga yote mpaka ikawa laini kama unga. Akaunganisha kakao na nusu ya sukari hiyo na kijiko kimoja cha samli kwenye sufuria ndogo, akaiweka ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto. Chokoleti ikalainika, nzito, nyeusi, inang'aa.

Hapo ndipo Tatu alipoharibu. Watu wa huku hawali kitu kabla hakijapita kwenye maji, mfereji uko mlangoni, na Tatu alilelewa hivyo. Mama yake alipogeuka kuchochea moto, yeye aliingia na ungo wa plamu alizoziosha vizuri, zinachuruzika, akaanza kumsaidia. Alizichovya kumi na tano. Mwanaisha aliporudisha macho, chokoleti ilikuwa imeganda chengachenga, ngumu, haishiki tunda wala haimwagiki. Matone machache ya maji yalitosha kuiharibu.

"Mama, nimefanya nini?"

Mwanaisha alitaka kupiga kelele. Nusu ya kakao ya mwaka mzima ilikuwa ndani ya sufuria ile, na mkutano ulikuwa kesho. Alimtazama binti yake, akakumbuka kiti cha barazani kikisogezwa, akameza maneno.

"Umeosha plamu. Kila mwaka nimechovya peke yangu, sikukufundisha. Hii tutaiongezea maji ya moto kabisa iwe kinywaji cha wazee. Hizo zilizobaki zifute moja moja kwa kanga kavu, uzifunge vikonyo, uzitundike kwenye kamba hapo upepo unapopita. Hata ukungu usiziguse."

Walisaga upya kakao iliyobaki. Walichovya mpaka jioni, kimya, na kila baada ya plamu kadhaa Mwanaisha alikula moja na kumlisha Tatu moja. Zilizochovywa waliziweka kwenye masinia yenye majani ya mgomba, na masinia wakayakalisha juu ya mawe katikati ya mfereji, ambako maji ya mlimani yalipita chini yake yakiwa baridi hata mchana. Gamba likakaza. Ukiligonga kwa ukucha lilitoa mlio mdogo mkavu.

Jumamosi mkutano ulifanyika mbele ya ghala la kijiji. Mwenyekiti Omari, mzee mpole asiyependa ugomvi, alifungua. Hezekia akasimama na daftari lake, akasema kuna mwananchi mmoja anayezuia maendeleo, anayetunza bustani ya kikoloni wakati wenzake wanalima chakula. Hakumtaja jina, lakini vichwa vyote viligeuka.

Mwanaisha alisimama. Watu walitegemea ataomba radhi, maana wengi waliosimamishwa hivyo waliomba radhi. Badala yake alimpa Tatu ishara, na masinia yakaanza kupita. Kina mama walipewa kwanza pamoja na watoto walio mgongoni, kisha vijana, wakiwemo wale wanne wa shoka. Wazee walipata kinywaji cha moto kwenye vikombe vya bati.

"Hizi ni plamu za miti miwili mliyoikata," akasema. "Kakao imelimwa na shemeji yangu Zirai. Sukari ni ya mgawo wangu. Jiwe ni la mama yangu. Katibu anasema ni mambo ya Wazungu. Basi anionyeshe Mzungu yuko wapi humu, nimtoe."

Kicheko kilianzia kwa kina mama.

"Mahindi nitapanda," akaendelea. "Kati ya miti yangu kuna nafasi, na mahindi hayaogopi plamu. Lakini atakayegusa mti wa tatu atanikuta nimekaa chini yake. Na nitakuwa nakula."

Mzee Omari alifuta mdomo wake kwa kiganja, akainamia kikombe, akainua kichwa. "Anayetaka miti minane ikatwe anyooshe mkono," akasema.

Watu walikuwa wanalamba vidole. Mkono mmoja tu ulinyooshwa, nao ulikuwa wa katibu, na baada ya kutazama huku na huku ukashuka wenyewe.

Mkutano ulipokwisha watu wakatawanyika. Hezekia alibaki amekaa kwenye benchi, daftari magotini. Masinia yalipomfikia alikuwa ameyapungia mkono yapite. Mwanaisha alimwendea na sinia lenye plamu moja.

"Shikamoo, mama," Hezekia akasema kabla hajafikiwa.

"Marahaba. Hii imebaki."

"Sili kitu hicho." Akalisukuma sinia kando. "Baba yangu alikuwa akikata kuni kwa yule setla. Nilikuwa na miaka minane. Niliokota plamu moja chini, imeoza upande, sijaitia hata mdomoni, yule bwana akanichapa mjeledi mbele ya baba. Baba akaambiwa ashukuru." Akafungua daftari, akalifunga. "Tangu siku hiyo nikiuona mti huo natamani shoka."

Mwanaisha alikaa benchini kando yake.

"Na nilikuwa nakusikia jikoni unaimba," Hezekia akasema. "Nilijificha nyuma ya ghala la setla nasikiliza. Lile jino la dhahabu na supu. Nilicheka mpaka nikasahau mgongo. Nilisema moyoni, yule mama ana raha, yuko ndani na matunda yote yale."

"Nilikuwa naimbishwa ili nisile," Mwanaisha akasema. "Miaka kumi na mmoja, Hezekia. Hata moja sikuonja."

Katibu alimgeukia, akamtazama kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza.

"Jumatatu uje na jembe," Mwanaisha akasema. "Nina miche. Ile miwili uliyokata utaipanda wewe, kwa mikono yako, siyo ya vijana. Na huo ni uamuzi wangu, usiandike kwenye daftari."

Akainua ile plamu kwa kikonyo chake na kuiweka kwenye kiganja cha katibu. Hezekia aliishika muda mrefu bila kuila. Alitazama nyuma, kule ghalani, kama mtu anayetafuta aliko mwenye shamba.

"Kula, mwanangu," Mwanaisha akamwambia. "Hapa hatuimbi."

Hezekia akauma. Gamba likapasuka, maji mekundu yakamtiririka kidevuni mpaka kwenye kola ya shati lake la kazi, na Mwanaisha alikaa palepale kando yake, akimlinda, mpaka alipobakiza kokwa.